Thamani ya Duara la Ngao

Jumamosi, 7 Machi

Swali ambalo limenisumbua tangu nilipokabidhiwa kazi ya upimaji ni moja tu, na kila nikidhani nimelijibu hunirudia limevaa nguo nyingine: nguvu ya kikosi imo katika kanuni zake, au imo katika mkono unaokisogeza?

Naliandika leo kwa sababu mvua zimeanza, na mvua zikianza chama chetu hupima upya majeshi yake. Sisi ni watu wazima wachache tunaokutana kila Jumamosi alasiri katika chumba kilicho juu ya kiwanda cha uchapaji, na kupiganisha askari wa bati wasiozidi urefu wa kidole gumba juu ya meza yenye vilima vya unga wa mbao. Kila mchezaji hupewa alama mia tano za kuundia jeshi. Kikosi chenye nguvu hula alama nyingi, kilicho dhaifu hula chache. Mpimaji ndiye anayeamua kikosi kipi kile alama ngapi, na uamuzi wake hudumu hadi mvua za mwaka unaofuata. Msimu huu mpimaji ni mimi. Walinichagua kwa kuwa nafundisha takwimu chuoni, kana kwamba anayejua kuhesabu matone ndiye ajuaye mvua inatoka wapi.

Pingamizi la kwanza limeshafika. Wakili, ambaye hata chai hainywi bila kuipinga, anataka thamani ya Duara la Ngao iongezwe maradufu. Ni wapiga mikuki ishirini wanaosimama kwa mviringo, na kanuni yao inasema kwamba maadamu hawajaondoka walipopandwa, adui anayewajia kutoka upande mmoja hupunguziwa dadu moja. Katika misimu miwili wameshindwa mara moja tu.

Mtu pekee anayewatumia ni Baba mdogo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Ndoo mbili ukumbini, moja jikoni.

Alhamisi, 12 Machi

Nieleze jambo hili vizuri, hata kama ninajieleza mwenyewe. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye naishi nyumbani kwake na mkewe, Mama mdogo, alikuwa mpima ardhi. Ndiye aliyeanzisha chama, na wenzake humwita Jemadari. Tangu mwaka juzi mikono yake inatetemeka. Vikosi vingine vyote vinataka kusogezwa kila zamu, askari mmoja baada ya mwingine, katikati ya wenzao waliobanana. Duara halisogei. Analipanda kabla ya vita, kwa utulivu, wakati wengine bado wananyeshewa njiani, kisha anaketi na kuamuru dadu zake. Nikiongeza thamani yake maradufu, hatabakiwa na alama za kununulia chochote kingine, na jeshi la duara peke yake haliruhusiwi. Kwa maneno mengine, kalamu yangu inaweza kumwondoa mezani.

Hiyo si sababu ya kutopima. Ni sababu ya kupima mara mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Nilijaribu Duara nyumbani kabla ya kwenda chamani, nikicheza pande zote mbili, kama mtu anayebishana na kioo. Matokeo yamenichanganya. Ukilijia kutoka upande mmoja, ni mwamba. Ukilijia kutoka pande mbili kwa pamoja, linabomoka. Kanuni inamlazimu mwenyewe ageuze uso wa kila askari kuelekea kwa adui, na wakati huo dadu ile haipunguzwi tena. Nimerudia nikabadili kila nilichoweza kubadili. Linabomoka.

Basi kwa nini pale chamani halibomoki?

Jumamosi, 21 Machi

Nimelijua jibu leo, na heri nisingelijua.

Wakili alicheza na Baba mdogo. Kufikia zamu ya tano, askari wake wa miguu walikuwa mbele ya Duara na wapanda farasi wake ubavuni, mahali pazuri kuliko pote. Mtoto angeona. Mchapaji, mwenye chumba, alikwisha kusogeza kiti chake ili aone vizuri. Wakili akainua mkono, akamtazama Baba mdogo mikononi, kisha akawarudisha farasi nyuma ya kilima.

"Jamani, Wakili!" Mchapaji alisema. "Farasi wamesahau sufuria jikoni?"

"Nawapumzisha."

"Ndiyo hivyo," Baba mdogo alicheka, akisugua viganja. "Wanalijua Duara hao. Hata farasi ana akili."

Nilimpata Wakili kwenye ngazi, akifungua mwavuli.

"Ulikuwa umemshika," nilimwambia. "Mbona hukuingia?"

"Niingie, halafu nimtazame mzee akiwageuza askari ishirini mmoja mmoja kwa mikono ile? Na unaijua sheria."

Naijua. Kilichoanguka kimekufa. Askari akiangushwa na mkono wa mwenyewe anaondolewa mezani, hata kama hakuna adui aliyemgusa. Sheria hiyo haimo katika chama kingine chochote ninachokijua. Aliiweka Baba mdogo mwenyewe, enzi ambazo aliweza kusimamisha askari juu ya ukingo wa kikombe.

"Kwa hiyo mnamwachia wote?"

"Hatukukaa kikao, Mwalimu. Kila mtu na roho yake."

"Basi kwa nini unataka thamani ipande?"

Aliufungua mwavuli, akaufunga tena. "Kwa sababu nimechoka kushindwa na huruma yangu mwenyewe. Ikipanda, angalau tutakuwa tumeshindwa kihalali."

Jumapili, 22 Machi

Nimejaribu kuipanga hoja kama ningewapangia wanafunzi. Ushindi wa Duara si mali ya Duara. Ni mali ya wapinzani wanaojizuia. Nikipandisha thamani, ninamtoza Baba mdogo upole wa watu wengine. Nikiishusha, kama majaribio yangu ya nyumbani yanavyodai, ninampa kwa alama chache kitu ambacho tayari anabebewa. Nikieleza ukweli, sitakuwa nimempokonya kikosi. Nitakuwa nimempokonya misimu miwili ya kuamini kwamba anaogopwa.

Nimeishia kunywa chai na Baba mdogo na Mama mdogo. Nilitambua jambo ambalo nimeliona miaka miwili bila kulitambua: Mama mdogo humjazia mumewe kikombe nusu. Akimaliza, anamwongeza nusu nyingine.

Jumatano, 25 Machi

Mitihani ya kusahihisha. Paa la ofisi linavuja juu ya meza ya mwenzangu, si yangu. Nimemshukuru Mungu kisha nikaona aibu.

Jumamosi, 28 Machi

Amekuja mwanachama mpya, muuguzi wa hospitali ya wilaya, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamsha wodi. Mchapaji alikwisha kumwita Sista kabla hajaketi. Amewahi kucheza kwingine, anajua kanuni, na alileta jeshi lake kwenye kopo la biskuti. Kura ilimkutanisha na Baba mdogo. Tulitazamana, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kumnong'oneza. Hakuna aliyekuwa amemnong'oneza.

Alilizunguka Duara bila haraka, kisha akaingia kutoka pande mbili.

"Mzee, nimekujia kushoto na kulia. Wageuze."

Chumba kizima kilisikia mvua. Baba mdogo alivuta kiti karibu. Alimshika askari wa kwanza kwa vidole viwili, akamgeuza. Wa pili. Wa tatu alimgusa jirani yake, jirani akamgusa mwingine, na wakalala wanne kwa mpigo kama watu waliosikia risasi. Alijaribu kutumia mkono wa kushoto kuushikilia wa kulia. Wakaanguka wengine wawili.

"Ah, meza imetikisika," Mchapaji alisema. "Mashine ya chini hiyo. Warudishwe."

"Mashine imezimwa tangu saa sita," Baba mdogo alisema.

"Basi ni upepo."

"Kilichoanguka kimekufa." Aliwaondoa mwenyewe. Hilo nalo lilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Sista alisubiri mikono ikiwa mapajani, akitazama meza, wala si dari kama sisi. Kisha akatupa dadu, akashinda.

"Umenipiga, binti."

"Nimekupiga, Mzee. Ahsante kwa mchezo."

Baba mdogo aliposhuka kwenda kuosha mikono, wenzangu walimrukia Sista kama kuku wenye vifaranga waliomwona mwewe. Wakili ndiye aliyekuwa mkali zaidi.

"Hukuona mikono yake?"

"Nimeiona. Mimi ni muuguzi."

"Na ukaingia!"

"Sasa mlitaka nifanyeje? Alikuja kucheza au alikuja kulazwa?"

Hatukujua kwamba Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Taulo lilikuwa bado mkononi mwake. Hakumtazama Sista. Alimtazama Wakili, kisha Mchapaji, kisha mimi, na macho yake yalikaa kwangu muda mrefu kuliko kwa wengine.

Tulitembea hadi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Karibu na lango ndipo aliposema.

"Misimu miwili hakuna aliyenijia pande mbili. Wewe ni mtu wa hesabu. Hukuliona hilo?"

"Nililiona wiki iliyopita, Baba mdogo."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa natafuta namna ya kulisema."

"Nilidhani wananiogopa," alisema. "Nilikuwa nalala nikicheka peke yangu. Muulize Mama yako mdogo. Mtu mzima, nacheka gizani kwamba nimelibuni Duara lisilobomoka."

Jumapili, 29 Machi

Asubuhi Mama mdogo alimmiminia Baba mdogo chai kama kawaida. Aliitazama.

"Jaza."

"Utaungua, baba."

"Unadhani sijui kwa nini kikombe changu hakijai? Jaza, mke wangu."

Alijaza. Chai ilimwagika kwenye sahani, kwenye kitambaa, kwenye shati. Aliinywa iliyobaki hadi chini. Mama mdogo alipangusa meza muda mrefu baada ya meza kukauka.

Niseme bila kujificha: mpaka jana nilimwona Sista kuwa mtu asiye na adabu, na sisi wengine kuwa watu wema. Leo sina uhakika ni nani alimheshimu na nani alimhurumia, wala kama vitu hivyo viwili hutofautiana vikiwa ndani ya mtu mmoja.

Jumamosi, 4 Aprili

Baba mdogo hakwenda chamani. Nilipendekeza tuifute sheria ya walioanguka. Mikono yote iliinuka kabla sijamaliza sentensi, na wepesi huo wenyewe ulinitia shaka.

Jioni nilimpelekea habari. "Mnaifuta kwa sababu ni mbaya au kwa sababu yangu?" Niliinama kufungua viatu. "Basi waambie wairudishe. Mkitaka kuifuta, subirini nife, halafu mseme mlikuwa mmeichoka."

Jumamosi, 11 Aprili

Hakwenda tena. Askari wake wamo katika kasha lao juu ya kabati. Chamani tulicheza kama watu waliofiwa ambao hawajui wampe nani pole. Wakili ameondoa pingamizi lake kwa maandishi. Nimemrudishia; pingamizi ni la haki hata kama aliyelitoa amelitubia.

Jumanne, 14 Aprili

Sista alikuja nyumbani bila kualikwa. Nilidhani amekuja kuomba radhi, nikaanza kutayarisha kiti cha shughuli hiyo. Alipita moja kwa moja hadi kwa Baba mdogo barazani.

"Mzee, Jumamosi mbili sikuoni."

"Naumwa."

"Unaumwa wapi?"

Alikunja mikono kifuani.

"Mikono najua. Nauliza kwingine."

Baba mdogo alicheka licha ya kutotaka. "Binti, wewe una ulimi wa sindano."

"Hospitali kuna daktari mmoja mkubwa, macho yamechoka. Yeye anasema, mwingine anashona. Na mgonjwa anajua nani amemtibu. Huna mtu wa kukushonea hapa?"

Walinigeukia wote wawili. Sikumbuki kama nilikubali au nilikutwa tayari nimeshakubali.

"Utakuwa mkono wangu," Baba mdogo alisema. "Kichwa nitakuja nacho mwenyewe. Na uwaambie wote: atakayenionea huruma sichezi naye tena maisha yangu yote."

Ijumaa, 17 Aprili

Tumefanya mazoezi mezani pa kulia chakula. Mama mdogo aliwauliza askari kama watakula ugali au wali. Askari hawakujibu, kwa hiyo walihamishwa.

Kwa mpimaji, hii ni nafasi adimu. Kesho Duara litacheza likiwa na fikra za aliyelibuni, vidole visivyotetemeka, na wapinzani wasiojizuia. Nikiwahi kupata jibu la swali langu, ni kesho.

Jumamosi, 18 Aprili

Kulikuwa na mvua ya mawe mchana, lakini walikuja wote. Mpinzani alikuwa Wakili, kwa ombi la Baba mdogo. "Nataka yule mwenye farasi waliopumzika. Nadhani sasa wameshiba usingizi."

Wakili hakujizuia. Nakiri nilikuwa nikimtazama kwa jicho la mshitaki, na sikuona popote alipopunguza mkono. Zamu ya tatu alikwisha kuingia ubavuni. Baba mdogo aliketi nyuma yangu, sauti yake karibu na sikio langu. "Huyo. Nusu. Anayefuata. Robo." Niliwageuza. Hawakuanguka. Tulipoteza watano kwa dadu, wanne wengine zamu iliyofuata, na kila walipotoka mezani Baba mdogo aliguna kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu baba yangu alipokuwa hai. Alikuwa anapigwa, na alikuwa anapigwa kweli.

Kisha ikaja zamu ya mwisho, na Duara linalosalia baada yake huhesabiwa limeshinda. Tulibaki na askari wachache, na Wakili alikuwa na farasi kushoto na wa miguu kulia. Tungeweza kugeuza upande mmoja tu.

"Kushoto," Baba mdogo alisema. "Geuza wa kushoto."

Nilinyoosha mkono. Farasi ndio waliotisha macho, lakini hatari ilikuwa kulia; nililiona hilo bila kufikiri, kama mtu anavyoona kosa la hesabu ubaoni. Vidole vyangu vilisimama juu ya askari wa kwanza. Si muda mrefu. Pumzi moja, labda chini yake.

"Ngoja," alisema. "Kulia."

Niligeuza wa kulia. Wakili alitupa dadu, akazitazama, akazitazama tena, kisha akasimama na kumpa Baba mdogo mkono kuvuka meza, akimwaga nusu ya kilima.

"Jemadari, umenipiga!"

"Nimekupiga?"

"Mbele ya mashahidi! Na safari hii sina wa kukata rufaa kwake."

Mchapaji alishuka kuwasha mashine ili ipige kelele kwa niaba yetu. Sista alipiga makofi mara mbili tu, akaanza kuwapanga askari wake. Kila mtu alifurahi. Mimi pia nilifurahi, na katikati ya furaha hiyo nilivitazama vidole vyangu.

Jumapili, 19 Aprili

Baba mdogo alisubiri hadi Mama mdogo alipotoka.

"Jana vidole vyako vilisimama."

"Vilisimama, Baba mdogo."

"Ulikuwa unaniambia?"

Nilitafuta jibu la heshima, kisha nikatafuta la ukweli. "Sijui. Sikukusudia. Lakini nilikuwa nimeshaona."

Alifikiri. "Nami sijui. Nilibadili kwa sababu niliona wa miguu, au niliona vidole vyako? Nimejiuliza usiku kucha. Kichwa kinaapa kwamba kiliona chenyewe. Lakini kichwa ndicho kilichoapa misimu miwili kwamba naogopwa."

"Nisamehe."

"Hujakosa kitu. Ila Jumamosi ijayo nitamwomba Sista awe mkono wangu. Usichukie, mwanangu. Mkono wako una maoni."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua zinapungua. Ndoo moja tu.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo nimewasilisha ripoti ya upimaji. Vikosi vyote vina thamani mpya na maelezo yake. Mbele ya Duara la Ngao nimeandika kwamba thamani haibadiliki, na mahali pa sababu nimeacha wazi.

Wakili ameuliza, kama nilivyotarajia. Nimemjibu kwamba ninazo sababu tatu na kila moja inaipinga nyingine. Majaribio yangu ya nyumbani yanasema Duara ni dhaifu, lakini nilikuwa nikicheza na mimi mwenyewe, na sijawahi kujihurumia. Misimu miwili inasema ni imara, lakini wapinzani walikuwa wakipigana na mikono miwili yenye ugonjwa, si na Duara. Vita pekee nilivyodhani ni safi viliamuliwa na pumzi moja ambayo si mwenye kichwa wala mwenye mkono anayejua ilikuwa ya nani. Ili nijue, ningehitaji mpinzani asiyeona anayecheza naye, na mkono usiojali kama kichwa kinachouamuru kitashindwa. Mtu wa namna hiyo akipatikana, sijui kwa nini angekuja kukaa nasi chumba kinachovuja kila Jumamosi.

"Hiyo si ripoti," Wakili alisema. "Hiyo ni dua."

Baada ya hapo Baba mdogo alicheza na Mchapaji, Sista akiwa mkono wake. Nilikaa mbali kwa makusudi. Zamu ya tatu alikosea waziwazi. Sista alitii bila kupepesa, na walipoteza sita. Baba mdogo aligeuka akamwambia, "Umeona nilivyoharibu?" Naye, "Nimeona, Mzee. Endelea." Nikajiambia: huo ndio mkono niliokuwa nautafuta, na sasa hivi nitaanza kuhesabu upya.

Walifika zamu ya mwisho wakiwa bado hai. Baba mdogo aliamuru, kwa sauti ya mtu aliye na hakika. Sista akanyoosha mkono juu ya meza. Nilivitazama vidole vyake, si askari. Vilitii. Lakini siwezi kuapa kwamba havikuchelewa kidogo.